Stendi ndefu za jeki zilivyomrudisha mzee wangu chini ya trekta

Mwangaluka wakuu. Wakubwa zangu shikamooni, rika langu mambo.

Hii si chai, imetokea nyumbani kwetu Sapiwi na mhusika ni baba yangu mzazi.

Mzee ana trekta la zamani. Ndilo lililotusomesha. Likiharibika analitengeneza mwenyewe, tukazoea kuona miguu yake tu, mwili wote uko chini ya chuma.

Alikuwa analipandisha kwa jeki, halafu anapanga magogo chini yake ya kulishikilia.

Msimu uliopita mvua ilikuwa imenyesha, na wa kwetu mnaijua mbuga yetu, ule udongo mweusi, ikilowa inavyodidimia. Gogo moja likazama, trekta likainama. Mzee akawahi kutoa mwili, mkono ukabanwa, ukavunjika. Majirani ndio waliolinyanyua kwa nguzo.

Mfupa uliunga vizuri. Moyo ndio ulikataa.

Trekta likafunikwa turubai, kuku wakawa wanataga kwenye kiti. Mzee akawa anazungukia nyuma ya zizi ili asipite karibu nalo.

Mama, sisi tunamwita Mayu, akasema wazi: "Liuzwe. Trekta lingine lipo, wewe mwingine hayupo."

Mzee akainuka akaenda zizini, trekta lake hakulitetea. Hilo ndilo lililoniuma.

Mimi naishi Bariadi mjini. Siku moja nikaingia duka la vifaa kuulizia stendi za jeki, vile vyuma vya kuegemeza gari likishainuliwa, muuzaji akanitolea fupi za magari madogo. Nikampigia mzee.

"Baba, ekseli ya nyuma ya trekta inakufika wapi?"

"Unauliza ya nini?"

"Nataka nikununulie stendi za jeki, size yake."

Nikajua atakata simu.

"Subiri," akasema.

Wakuu, nikasikia turubai linavutwa. Nilisimama pale dukani machozi yananilenga.

"Inanifika katikati ya paja," akasema taratibu.

Kwa wanaotafuta: msiangalie urefu peke yake. Stendi ndefu yenye miguu iliyobanana inayumba. Chukua yenye miguu mipana, pini nene, na uwezo ulioandikwa uzidi uzito wa chombo chako. Kwenye udongo wetu tandika ubao mpana wa mninga chini yake, na matairi yanayobaki chini yazuie yasibingirike. Jeki ni ya kuinulia tu.

Nikapata ndefu za kutosha, Jumamosi nikazipeleka. Tukapandisha, tukashusha juu ya stendi. Mzee akalisukuma kwa bega. Akasukuma tena. Halikutikisika.

Akamtazama Mayu.

Mayu akaja, akashika stendi kwa mikono miwili, akaitikisa mpaka kitenge kikamlegea. Akaihama, akatikisa na ya pili.

"Haya, ingia," akasema. "Ila mimi siondoki hapa."

Akaleta kigoda, akakaa karibu na miguu ya mzee akipeta choroko. Wakawa wanapiga stori zao za Kisukuma, huyu juu, yule chini. Mara nikasikia mzee anacheka kule ndani.

Mimi nikajifanya natafuta spana.

Nilichojifunza: mtu aliyepata ajali kumwambia "usiogope" hakumsaidii. Mpe kitu imara, aachwe akisukume mwenyewe hadi aridhike. Na mkewe naye asukume.

Wenye matrekta na mafuso, nyie mnatumia nini? Nilipokosea kiufundi nirekebisheni. Mzee hana smartphone, lakini kesho naenda nyumbani, majibu yenu nitamsomea.