Kizibao cha Mzee Alois Kilichofumuliwa Xintang

Nilikuwa nimeapa kutokwenda tena Guangzhou mwaka huu. Magoti yananisumbua, na jinzi za safari iliyopita bado zimejaa dukani kwangu Mombasa. Lakini kaka yangu Salim, aliyeoa Marekani, akanipigia simu: baba mkwe wake anataka kushonewa nguo China, hajui mtu huko, na mimi ndiye mwenye wenyeji. Mkwe wa kaka yangu ni mkwe wangu. Nikafunga mizigo huku nikinung'unika.

Uwanja wa ndege wa Guangzhou nilimtambua mara moja. Mzee Alois ni mrefu, mkulima mstaafu mwenye mikono mikubwa, na alitoka amekumbatia kifurushi kifuani. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea, naye akaitikia kwa kuvua kofia.

Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou tunakofikia wafanyabiashara wa Kiafrika, baada ya chakula alikifungua kifurushi chumbani kwa Shaibu, kijana wa Dar anayetutafsiria Kichina. Ndani mlikuwa na kizibao cheusi cha kuchezea ngoma, kimetarizwa mawaridi mekundu. Mama yake, Mcheki, ndiye aliyekitariza. Baba yake alikuwa Mjerumani, mpiga kodiani. Mji wao mdogo wa mashambani, huko Teksasi, ulijengwa na wahamiaji wa makabila hayo mawili.

"Asubuhi tulisali Kicheki, jioni tukacheza bendi ya Kijerumani," alitusimulia. "Sasa waliojua nyimbo wako makaburini. Mikate yetu ya plamu inauzwa kituo cha mafuta, imefungwa kwa plastiki. Wamebaki watoto wachache wanaofundishwa kucheza, na nguo zimewaishia. Nataka kila mmoja apate kizibao kabla sijafa. Mshono huu kwetu hakuna anayeujua tena."

Moyoni nilisema, yaani mji mzima mmeshindwa kushona waridi? Kisha nikakumbuka vizibao tunavyouza Mombasa vinatoka wapi, nikaona haya. Vipimo vya watoto vilikuwa vikikusanywa na Anna, binti yake, mke wa Salim na wifi yangu.

Xintang, mji wa karakana za nguo nje ya Guangzhou, tulifika asubuhi yake kwa gari la kukodi. Mwenye karakana ni mama wa makamo, nasi humwita Laoban, yaani bosi. Alikigeuza kizibao ndani nje, akasema na Shaibu kwa muda.

"Dada, anasema picha haitoshi," Shaibu akaniambia. "Hapa sampuli inafumuliwa yote, vipande vinalazwa kwenye karatasi, ndipo wanapata kata, ile ramani ya kukatia kitambaa kipya. Wanafanya hivyo kwa kila mteja. Halafu wanakishona tena."

Nilimsihi mzee tutafute karakana nyingine. Alikilaza kizibao juu ya meza ya kukatia.

"Nikikirudisha kabatini kitakufa na mimi," akasema. "Fumueni."

Fundi alichomoa uzi polepole. Upande wa kwanza ulitoka salama. Bitana ilipoachia, kitambaa cha mbele kikaanza kumeguka vidoleni mwake. Mama yake mzee alikuwa amekishonea viraka na kukitililia miaka mingi hata nguo yenyewe ikawa imekwisha, na nyuzi ndizo zilizokuwa zikiishikilia. Fundi aliinua mikono, hofu tupu usoni. Laoban akasema meiyou banfa, maneno wanayokwambia kule pale ambapo hakuna la kufanya. Nilitaka kugombana na mtu, lakini hapakuwa na wa kugombana naye.

Hata hivyo mabaki yalilazwa kwenye karatasi, kata ikapatikana. Siku chache baadaye, tuliporudi Xintang kuangalia sampuli mpya, waridi lilikuwa limetoka sawasawa, pamoja na jani moja ambalo mama yake alilipinda vibaya. Mzee akatabasamu.

"Sasa tuwape vipimo," alisema Shaibu.

Mzee akampigia binti yake. Simu aliiweka kwa sauti, basi sote tulisikia.

"Baba, nimezunguka nyumba zote," alisema Anna. "Watoto hawataki tena, na wengine wanahamia mjini na wazazi wao. Mwalimu wao wa ngoma amelivunja kundi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Baba. Nilishindwa kukuambia."

Mzee alikata simu. Laoban, asiyejua lililosemwa, akauliza washone vingapi.

"Kimoja," akajibu mzee. "Nipimeni mimi."

"Cha kuvaa wapi, mzee wangu?" Shaibu alimuuliza kwa upole.

"Cha kuzikwa nacho."

Akanyoosha mikono apimwe. Nilitoka nje, nikalia mbele ya marobota ya watu.

Nimerudi Mombasa. Salim ameniuliza kama mkwe wake aliipenda safari, nami nimemwambia amuulize mwenyewe. Miaka yote nimeamini kwamba kitu kikipata fundi na pesa, hakipotei. Sasa najua. Guangzhou watakushonea chochote, tena vizuri. Mtu wa kukivaa lazima uwe naye kwenu, na Mzee Alois hakuwa naye.