Ushahidi wa Kioo

Mtaani walimwita Mama Kufuli, na hawakumwonea. Alifungia sukari, alifungia sabuni, na kama ingewezekana angefungia hata upepo usipite sebuleni bila ruhusa yake. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, mwanamke wa mkono mzito na ulimi mkali, na tangu mwanawe wa pekee, seremala, alipooa, alikuwa na adui mmoja tu duniani: mkwewe.

Kosa la binti huyo lilikuwa kuolewa na mwanawe. Kwa kuwa kosa hilo halishtakiki popote, Mama Kufuli akatafuta jingine. Sebuleni palikuwa na televisheni ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa, naye alikuwa amepiga marufuku isiguswe mchana. Kila akirudi kutoka kazini alifunga madirisha, akavuta mapazia, akawasha taa apekuepekue chumba, kisha akaizima na kukikodolea macho kioo. Kikionekana kung'aa gizani, hata kwa weupe hafifu, basi mkwe alikuwa ameshinda mbele ya televisheni huku kazi zimelala. Na kila siku kiling'aa.

Binti alikana. Alisema hata kitufe hakukigusa. Mama Kufuli akamwita mwongo, mvivu, mtu asiye na haya, na jioni moja akamvuta mwanawe mkono, akazima taa, akamwonyesha. Seremala akaona kwa macho yake. Akamgeukia mkewe na kumwambia kuwa ni mwongo, jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Kulipokucha binti alifunga nguo zake, akambeba mtoto, akarudi kwao. Mama Kufuli aliosha vyombo huku akiimba.

Televisheni aliichomoa ukutani, maana hakuwa na kazi nayo tena. Lakini mazoea yana tabu. Siku chache baadaye aliingia na mwanawe, akafunga mapazia, akawasha taa, akaizima. Kioo kikang'aa vilevile, na plagi imelala sakafuni.

Seremala aliiokota plagi, akaitazama. Alitoka hadi kwa fundi redio wa mtaa, na aliporudi hakuketi.

"Kioo kimepakwa unga kwa ndani," alisema. "Unashika mwanga, hata wa taa ya sebuleni, halafu gizani unautoa polepole. Taa ulikuwa unaiwasha wewe, mama."

Akaongeza kwamba kesho anakwenda kumwomba mkewe arudi. Mkewe akikataa, atahamia huko huko, na mama abaki na funguo zake. Mama Kufuli alimjua mwanawe. Si mtu wa vitisho. Akaingiwa na hofu ya kuzeekea peke yake katika nyumba ile, na asubuhi akajitanda khanga, akamfuata.

Kwa wakwe walikaribishwa kiti, basi. Maji hayakuletwa. Binti akatoka chumbani na mtoto kiunoni, na mtoto alipomnyooshea bibi yake mikono, mama yake akageuka upande. Mama Kufuli alimchukia kwa hilo kuliko siku zote. Hata hivyo alikohoa, akaanza.

"Kumbe ni unga," alisema. "Umo ndani ya kioo."

Akaeleza yote: jinsi unga unavyoshika mwanga, jinsi unavyouachia gizani, na kwamba televisheni zote za aina ile ndivyo zilivyo, hata kwa majirani. Alieleza vizuri, kama aliyeitengeneza mwenyewe. Binti alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama, mimi sikukuuliza habari za kioo," alisema. "Nilikwambia sikuiwasha."

Mama Kufuli alilijua neno lililokuwa likingojwa. Lilimfika kooni, akamtazama yule binti, akalimeza.

Seremala akainuka, akakibeba kiti chake, akakiweka upande wa mkewe na kuketi.