Nguzo za Mgombea Aliyeshindwa

Kila ninapopita mtaa wa Panda, mjini Likasi, na kukuta mafundi wakibadilisha nguzo ya umeme, harufu ya lami iliyopakwa kwenye mti mpya hunisimamisha. Wapita njia hudhani nimepotea. Sijapotea. Nimerudi kijijini kwetu, kwenye barabara ya Kapolowe, mwaka ule wa uchaguzi.

Sisi tulizaliwa chini ya umeme. Nyaya nene kutoka bwawa la umeme la Koni zilipita juu ya mihogo yetu zikienda viwandani, zikivuma kama nyuki, wala hazikutuachia hata taa moja. Kila uchaguzi wa wabunge ulikuja na ahadi yake, na wakubwa walisimulia historia ya jimbo letu hivyo hivyo: mbunge wa chumvi, mbunge wa mabati, mbunge wa jezi. Majina yenyewe walishayasahau.

Mgombea wa mwaka ule alileta lori la nguzo. Vijana wake wakazisimika kando ya barabara, moja ikasimama uani kwetu. Waya, alisema, utakuja baada ya kura. Mbuzi walijisugua kwenye nguzo hizo wakatoka na milia myeusi, na katekista akalalamika kwamba hamjui tena beberu wake.

Mimi sikucheka sana. Baba na mama walikuwa wamekufa, tumebaki watatu: mimi, Ilunga, na Ngoie, kitinda mimba wetu. Baba mdogo, mchomeleaji wa vyuma hapa Panda, alikuwa ametuambia wazi: "Mataa ikifika huku, nitaleta mashine yangu, tutakaa shiye bote pamoja. Isipofika, mu chumba yangu hamutaenea. Kila mutoto atatafutiwa kwake."

Kwa hiyo kila asubuhi Ngoie aliikumbatia nguzo yetu na kutega sikio.

"Yaya, inasema nini?" aliniuliza mimi, dada yake.

"Inasema ngoja."

Siku ya kura, kijiji kizima kilijipanga mbele ya shule, na kila mtu aliyetoka aliapa kwamba amemchagua mtu wa nguzo. Kisha redio ikamtangaza mshindi: mtu mwingine, ambaye kwetu hakuwahi kukanyaga. Haukupita muda lori likarudi, safari hii tupu, na vijana wale wale wakaanza kuzing'oa nguzo, wakianzia upande wa kanisa. Walipofika uani kwetu niliikumbatia yetu, kifua changu kikashika lami.

"Toka pale, mama kidogo," dereva alisema. "Tunabeba miti yetu. Mulivota muntu mwengine."

"Huku bote balivota yeye!"

"Kama bote balivota yeye, mbona iko kwake analia?"

Wenzake wakacheka.

"Basi tuachie hii moja tu, tata."

"Muti moja bila waya? Utaufanyia nini? Utaanika manguo?"

"Nitaanika."

Alinitazama kidogo, kicheko kikamwisha. Kisha akanitoa mikono polepole, kidole kwa kidole, nao wakaibeba.

Jumapili baba mdogo alikuja, akaona mashimo. Hakugomba. Alikula bukari, ugali wetu wa mahindi, akanawa, akasema Ilunga ataenda naye Panda kujifunza kuchomelea, Ngoie ataenda kwa mama mkubwa Kapolowe misheni. Mimi nilikataa kuondoka. Nilijua nyumba ikifungwa, hawa wawili hawatakuwa na mahali pa kuita kwao. Nikaacha shule, nikashika jembe.

Mvua ilijaza shimo la uani, vyura wakahamia. Mara nyingi nilijisahau nikaita, "Ngoie, lete maji!" na kuku tu waliinua vichwa. Kanisani niliketi nyuma nikitazama visogo vya watu, nikijiuliza ni nani kati yao aliyeapa uongo. Walinisalimia vizuri, waliniletea sombe, majani ya mihogo yaliyopikwa, nami nilipokea kwa mikono miwili bila kumwamini hata mmoja. Hivyo nilikua, katikati ya watu, peke yangu.

Nilikuwa mtu mzima tayari, nikiuza viazi vitamu katika soko la Likasi, nilipoketi karibu na mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto Lufira. Rika langu, mcheshi. Tulipiga porojo za wabunge, kama kila mtu afanyavyo wateja wakipungua.

"Shiye ile mwaka balituletea pompe ya maji," alisema. "Kandida wetu akaanguka, bakaingoa. Kwetu basema ni bale bantu ba ku barabara ndio balituangusha."

"Barabara gani?"

"Ya Kapolowe. Balivota muntu wa miti, sijui."

Nikashindwa kuendelea kupanga viazi. "Bale bantu ni shiye," nikamwambia. "Na miti yetu nayo balibeba."

Hakucheka.

"Pompe ilipoenda, tulirudia kuteka ku muto," alisema. "Mudogo yangu alienda na ndoo, hakurudia. Iko mamba mingi pale."

Nilisogeza kikapu changu, nikaketi karibu naye zaidi. Huenda kwetu hakuna aliyeapa uongo: jimbo letu ni kubwa. Mtu anaweza kuzaliwa na kufa upande mmoja asijue kwamba upande mwingine una watu. Miaka yote ile nilikuwa nikimtafuta mtu aliyeninyang'anya ndugu zangu. Kumbe ng'ambo ya mto alikuwako msichana mwingine, amesimama ukingoni, akinitafuta mimi.