Mke Mwenza wa Mejumaa

Taib wa mtaa wa Kuze alikuwa mpishi wa harusi, na tangu azaliwe hakujua kupika kidogo. Mkono wake ulizoea magunia ya mchele, mbuzi wazima, na chumvi ya kumwaga kwa bakuli. Watu husema haba na haba hujaza kibaba. Yeye kibaba alikiona dukani tu! Sufuria yake kubwa ilikaa uani, pana hata watoto wangeweza kuoga ndani, na mkewe Mejumaa aliiita mke mwenzangu, maana ndiyo iliyopata mapenzi yote ya mumewe.

Basi ikaja korona. Mikusanyiko marufuku, harusi zikaahirishwa moja baada ya nyingine, paka wakahamia ndani ya sufuria. Taib akasema si kitu, nitauza pilau ya sahani hapa mlangoni. Masikini! Alipika kijungu kidogo, chumvi akaitia kwa mkono ule ule wa harusi. Mteja wa kwanza alikohoa mpaka majirani wakakimbia, wakidhani ndio huo ugonjwa.

Akajaribu tena. Mara chumvi, mara bizari, mara imerojeka ikawa bokoboko. Wateja wakaisha.

"Mume wangu, tuuze sufuria tule," Mejumaa akamwambia. "Masha, yule mnunuzi wa vyuma vikuukuu kutoka Tononoka, atapita Jumapili na mkokoteni wake."

Taib akaitikia kwa kichwa tu. Ilimuuma, wallahi ilimuuma! Mpishi wa harusi asiye na sufuria ni nani tena?

Jumamosi asubuhi, hodi! Mama Fadhiya, jirani wa nyumba ya pili, barakoa imemshuka kidevuni kwa furaha.

"Bwana Taib, kesho namwoza Fadhiya! Tumechoka kungoja. Lakini ni watu wachache tu, wa kuhesabika. Nipikie kijisufuria."

Harusi! Moyo wa Taib ukaruka, kisha ukaanguka. "Mama Fadhiya, sitaki kukuharibia siku. Kupika kidogo siwezi."

Mejumaa akacheka mpaka akashika ukuta. Ghafla akatazama madirisha ya kichochoro kizima.

"Shoga, wale uliowaalika mwanzo wako wapi?"

"Si hao, wamejifungia majumbani. Na mchele wao ninao stoo, na mbuzi wao wananimalizia majani!"

"Na vikapu vyao si vinashuka dirishani kwa kamba kila siku kununua mboga? Basi! Wao hawaji kwenye pilau, pilau itawaendea wao!"

Jumapili kuni zikawaka. Taib akashika mwiko wake mrefu, akaimwaga chumvi kwa bakuli bila hata kutazama, na lo, ikakaa sawasawa! Harufu ikapanda ghorofa zote. Fadhiya alipofungishwa ndoa, kigelegele kilitoka dirisha moja kikadakwa na la pili, mpaka kichochoro kikavuma. Hapo vikapu vikaanza kushuka! Vya ukindu, ndoo za plastiki, hata mfuko mmoja wa sokoni. Taib anapakua, Mejumaa anafunga, wa juu wanavuta.

"Taib, na mwanangu namwoza Ijumaa!" dirisha moja likaita.

"Sisi Jumamosi, usitusahau!" likajibu jingine. Kila harusi iliyoahirishwa ikawa inadai siku yake, na Taib anaitikia, "Haya! Haya!" huku jasho linamtiririka.

Katikati ya shangwe hiyo mkokoteni ukaingia.

"Mama, nimekuja kuichukua ile sufuria," alisema Masha.

Upawa wa Taib ukasimama hewani. Alimtazama mkewe, kwa sababu shauri la kuuza lilikuwa lake.

Mejumaa akajitia kati yao, mikono kiunoni. "We Masha! Umeona wapi mtu akamuuza mke mwenziwe siku ya harusi? Nawa mikono ule."

Masha akauegesha mkokoteni ukutani, akauliza kama ukoko umebaki.