Zimwi Lililojua Jina Langu

Gunia likilowa maji lina harufu yake, nzito, ya kamba na udongo na nafaka iliyoanza kuchacha. Wiki iliyopita mvua iliingia sokoni hapa Kalemie bila hodi, ikayakuta magunia ya unga yaliyokuwa yameshushwa kutoka kwenye treni ya Kabalo, na mimi niliyekuwa nimejibanza kwenye baraza la duka nikaipata ile harufu. Nilishika nguzo ya baraza. Watu walinipisha nikae, wakidhani nina malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka minane, naogopa.

Nilikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, mahali ambapo ukifungua mlango ziwa linakuingia lote machoni. Baba alikuwa fundi wa mabehewa. Akienda Kabalo na treni ikaharibika njiani, sisi tulikaribia kuisahau sura yake. Mama alikuwa mshonaji. Mashini yake ilikaa chini ya dirisha, na mimi na dada yangu Furaha tulizoea kulala mchana kwa mlio wake.

Jirani yetu mmoja, Papa Fideli, alikuwa na kamera. Alipiga video za harusi na za matanga, na katika zote alichomeka picha ya jua likizama, hata kama marehemu alizikwa asubuhi. Alikuwa ameangalia filamu nyingi za mazimwi ya nchi za mbali, mpaka akaona kwamba ziwa letu nalo linastahili zimwi lake. Akawakusanya vijana wa kwaya, akaazima mtumbwi, akamwomba mama ashone vazi. Mama alishonea kulekule uani, kwenye parsele ya Papa Fideli, nyuma ya ukuta, kwa sababu zimwi lilitakiwa liwe siri mpaka siku ya kuonyeshwa. Sisi tuliona tu nyuzi za magunia kwenye nywele zake akirudi jioni. Tena alikuwa anaimba akisonga bukari, ugali wetu, jambo ambalo hakulifanya baba akiwa safarini.

Siku moja nilikuwa na homa. Mama alinifunika kitenge, akaniambia atarudi kabla sijaamka. Nilipoamka alikuwa ameketi kando ya mkeka wangu, amelowa mpaka nywele, ananuka gunia. Alinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. Nilimuuliza ametoka wapi, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Kwa siku nyingi baada ya hapo aliongea kwa kunong'ona. Alituambia ni mafua. Hakwenda tena kwa Papa Fideli, na nyimbo za jikoni zikaisha. Mimi na Furaha hatukuunganisha lolote. Mafua ni mafua.

Filamu ilionyeshwa Jumapili moja baada ya misa, kwenye ukumbi wa video wenye mabenchi ya mbao na mablanketi meusi madirishani. Jenereta ilinguruma nje, na moshi wake ukaingia ndani kuangalia pamoja nasi. Mama alikataa kuja, akasema kichwa kinamuuma. Furaha alinishika mkono, tukakaa benchi la mbele kabisa, karibu na spika.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi kuliko matangazo ya mwanzo. Wavuvi fulani wa zamani wanalidharau ziwa, ziwa linalitoa zimwi, zimwi linawala mmojammoja. Tulicheka sana. Mvuvi wa enzi za mababu alikuwa amevaa saa ya mkononi. Damu ilikuwa nyanya, na mbegu zake zilionekana. Mbuzi alipita katikati ya vita, akasimama, akala jani, akaondoka bila haraka. Zimwi lilipotoka kwenye matete mara ya kwanza, chini ya magunia tuliona kandambili. Meno yake yalikuwa vipande vya muhogo mkavu, na jino moja lilianguka mbele ya macho yetu, mvuvi akalisukuma pembeni kwa kidole cha mguu ili kufa kwake kusiharibike. Hata hivyo nilikuwa nimeukamata mkono wa Furaha. Hiyo ndiyo tabu ya mazimwi ya magunia: unaiona kamba inayoyavuta, na bado unaogopa.

Halafu ikaja ile sehemu. Muziki ulikatika. Zimwi lilikuwa mbali kidogo na ufuko, maji yamelifikia kifuani. Likayumba. Likapiga maji kwa mikono, likainama, kichwa kikazama kizima, kikarudi kimeegemea upande mmoja. Na kutoka ndani ya kile kichwa ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa kiumbe yeyote.

"Mauuuwaaa!"

Ukumbi mzima uliruka. Mtu mmoja nyuma alisema kwamba linasema nauwa, yaani linaua, na watoto wakaanza kuitikia nauwa, nauwa, wakipiga mabenchi kwa viganja. Lakini mimi sikusikia nauwa. Mimi naitwa Mauwa. Zimwi lilinyanyua kichwa mara ya pili, likaita tena, na safari hii lilinitazama. Nilitoka mbio. Niliwakanyaga watu, nikalivuta blanketi la mlangoni likaanguka, na jua la saa tisa likaifuta filamu yote ukutani. Nasikia wengi walinitukana. Sikusikia, nilikuwa nimeshafika barabarani.

Kuanzia hapo maisha yangu yaligeuka. Kalemie haina mahali pa kulikwepa ziwa. Ukienda shule liko kulia kwako, ukirudi liko kushoto. Nilikataa kwenda kuosha vyombo ufukweni. Nilikataa kuoga kwenye beseni mpaka Furaha anionyeshe kwamba chini hakuna kitu. Upepo ukivuma na mawimbi yakianza kupiga mawe, niliziba masikio kwa vidole mpaka yakauma. Shuleni mwalimu akisoma majina, akifika kwenye langu, mkono wangu haukuinuka. Nikaomba niitwe kwa jina la ubatizo, Sesilia, na mpaka leo kuna watu wazima mjini hapa wanaonisalimia Sesilia bila kujua kwamba jina hilo nilikuwa najifichia ndani yake.

Nilimwambia mama siku ya tatu au ya nne. Alikuwa anashona. Nikamwambia zimwi liliniita kwa jina langu. Mguu wake ulisimama juu ya pedali.

"Halikukuita, mwanangu," alisema.

Lakini alisema bila kugeuka, na sindano haikuanza tena kushuka. Nikajua: mama naye analiogopa. Mtoto akiona hivyo, basi.

Furaha alinicheka, na watoto wa jirani pia, wakaja dirishani kupiga kelele za nauwa. Mama aliwafukuza. Akamwambia Furaha kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, kwa hiyo aniache na woga wangu. Baba aliporudi kutoka Kabalo alisikia habari, akaona dawa ni moja, akanishika mkono ili anipeleke majini akanizoeze. Mama, ambaye hakuwahi kumpinga mbele yetu, alikuja akasimama mlangoni.

"Muache, Papa Furaha," alisema. "Huyu mutoto haendi kwa maji."

Baba aliniachia, akaenda kukaa chini ya paa la nje na redio yake.

Baadaye mama alijaribu dawa yake mwenyewe. Alinipeleka mchana kweupe kwa Papa Fideli, akamwomba atoe lile vazi. Likatolewa, likatandazwa juani. Kichwa kilikuwa beseni la plastiki lililofunikwa chandarua kilichochanika, na nyaya za kukifungia mabegani. Mama aliushika mkono wangu akaupitisha juu ya meno ya muhogo. Moja lilikuwa limeliwa na panya. Nilicheka kidogo. Nikauliza ni nani alikuwa ndani.

Papa Fideli, mtu wa maneno mengi, alitazama chini.

"Muntu tu," mama alisema.

Nikauliza huyo mtu alilijuaje jina langu. Kuku walikuwa wanachakura kando ya ukuta, na Papa Fideli akaanza kulikunja vazi kabla sijamaliza kulitazama.

Hapo ndipo woga wangu ulipozidi. Zimwi la majini nilikuwa naweza kulikwepa kwa kukaa mbali na maji. Sasa nilijua kwamba ni mtu, anatembea Kalemie, ananunua dagaa, ndagala zetu, sokoni, ananifahamu, na watu wazima wanamficha. Nilimshuku muuza mafuta ya taa. Nilimshuku katekista. Nilikuwa nikitazama midomo ya wanaume wakiongea, nikisubiri ipi itafunguka vile.

Woga wa namna hiyo hauishi siku moja. Unapungua kama sabuni. Nilikua, nikaolewa, nikazaa. Ziwani sijawahi kuingia kupita magoti. Na kuna jambo moja niliona bila kulifikiria: tangu mwaka ule mama hakuwahi tena kuniita kwa sauti. Furaha aliitwa kutoka upande wa pili wa barabara. Mimi, kama alinihitaji, aliacha kazi yake, akatembea mpaka nilipo, akanigusa begani.

Mwaka huu, siku za Pasaka, mtoto wa Furaha alikuja na ile filamu kwenye simu yake. Papa Fideli alifariki zamani, lakini mtu fulani alikuwa ameikuta kasete na kuihamisha. Tulikuwa uani, mchana, tumeshakula sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mikebuka. Baba hayupo tena. Mama, ambaye sasa macho yanamsumbua, aliomba simu ikaribishwe usoni pake. Watoto walicheka saa ya mvuvi, wakamcheka mbuzi. Mimi nilijisogeza nyuma ya kiti cha mama kama mjinga, mwanamke mwenye watoto wakubwa. Sauti ikatoka, ndogo, ndani ya simu.

Mama alinyanyua kidole kuelekea kioo.

"Pale njo nilikuwa nakufa," alisema.

Kijana akasimamisha filamu. Mama alieleza taratibu, kama mtu anayeeleza mapishi. Kijana aliyepangiwa kuwa zimwi alikuwa mvuvi wa Zongwe, na siku ya kwanza ya kupiga picha alikataa, akasema ziwa halichezewi. Vazi lilikuwa limepimwa kwenye mwili wa mama mwenyewe, kwa hiyo akaingia yeye. Mara za kwanza ilikuwa raha, hajawahi kucheka vile maishani. Siku ile Papa Fideli alimwomba asogee mbele kidogo, tena kidogo. Magunia yakanywa maji yakawa mazito. Udongo ukamvuta miguu. Kichwa kilikuwa kimefungwa kwa nyaya, maji yanaingia puani, mikono haifiki. Akakumbuka kwamba ameniacha na homa, peke yangu, na mlango umefungwa kwa nje. Akaita. Papa Fideli, ufukweni, alipunga mkono kwa furaha, akamwambia vizuri sana, Mama, aendelee. Aliyemwokoa ni yule yule kijana aliyekataa kuvaa. Alirukia mtumbwi akazikata nyaya kwa kisu cha samaki.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hiyo, huku akiniona naogopa.

"Ulikuwa mudogo," alisema. "Nikasema, heri aogope munyama wa magunia kuliko aogope kama mama yake anaweza kufa."

Kisha mama akamgonga mjukuu wake gotini, akamwambia aendeleshe, bado hawajaliua lile zimwi. Sehemu ya mwisho mimi sikuwahi kuiona, kwa kuwa nilikimbia. Wawindaji wanalizingira zimwi kwenye mchanga mkavu kabisa, na zimwi limekuwa fupi, magunia yanaburuzika, linajikwaa. Mama alicheka mpaka akashika kifua. Alisema huyo ni Fideli. Mama alikuwa amemwambia kwamba kama bado anataka zimwi, aingie mwenyewe aone kulivyo ndani.

Nimeifikiria sana sauti ile tangu Pasaka. Watu wazima wote waliojaa ukumbini siku ile walisikia kitu kinachotisha. Mimi, mtoto, nilisikia mtu anayeogopa, na sikuwa na umri wa kujua tofauti, nikakimbia. Nisingeweza kufanya kitu. Ilikuwa filamu, na mama alikuwa nyumbani amelala na kichwa chake. Lakini sikukosea kusikia. Woga nilioubeba miaka yote ulikuwa wa mama. Ulipita ndani ya beseni, ukapita kwenye kamera ya Papa Fideli na spika iliyopasuka, ukanifikia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeitwa.