Swichi Iliyoandikwa "Zahanati 2"

Ndugu zangu, leo nimeumbuliwa na kibandiko nilichokiandika kwa mkono wangu.

Kabla sijastaafu nilisimamia umeme wa chuo kimoja hapa Lushoto. Ni umeme wa sola na betri. Ukungu ukikaa siku tatu betri zinashuka, tunaanza kukata: mabweni kwanza, kisha madarasa. Zahanati haikatwi kamwe.

Asubuhi kaja Zaina, fundi wa sasa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Chuo kina zahanati ngapi?"

"Moja."

"Mbona swichi zilizoandikwa zahanati ni mbili? Nimefuata waya wa ile ya pili. Umenileta sebuleni kwako."

Kando yangu mashine yangu ya oksijeni ilikuwa ikinguruma kwa umeme huohuo.

Nikamwambia ukweli, maana sina muda mrefu wa kuuficha: niliiandika nyumba yangu zahanati ili isikatwe. Wanafunzi walisoma kwa mishumaa, mimi nikisikiliza redio.

"Dada yangu alikaa mabweni yale enzi zako," akasema. "Alirudia mtihani."

Nikamwambia akate.

Akautazama mrija ulioko puani mwangu.

"Nikikata leo nitaua mgonjwa. Uongo wako umegeuka kweli, babu."

Hakukata. Nimemwomba tu abandue kile kibandiko, aandike jina langu, na chini yake: mgonjwa.

Mliosoma gizani enzi zangu, najua wengine mko humu kundini. Nisameheni, au nisemeni. Nitasoma yote.

Umeme ninao.