Bamba Lililobanwa Upande Mmoja

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kila ninapomwona kijana akiacha kazi nusu kwa kujiamini. Nilikuwa fundi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji pale Dongobesh, na nilikuwa nachapa kadi za harusi yangu mwenyewe. Subira ningeitoa wapi?

Mashine yetu ilichapa kwa bamba jembamba la alumini lililovishwa kwenye silinda. Unabana ncha ya mbele kwa kibanio, unazungusha silinda, unabana ya nyuma, kisha unakaza zote kwa spana. Mimi nikaikaza ya mbele. Ya nyuma nikaigusa tu, kama mtu anayemsalimia asiyempenda. Mdharau mwiba guu huota tende. Kadi ya kwanza ikatoka safi, nikaiachia mashine, nikafunga mabunda na kuyatuma Dirma kwa wakwe bila kuyatazama tena.

Siku ya tatu baba mkwe akaingia kiwandani, fimbo mkononi, shuka begani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakukaa. Akanyoosha kadi. "Nisomee hapa. Unaoa wangapi?"

Nikaisogeza kadi kwenye mwanga. Jina langu, lililokuwa juu, upande uliokazwa, lilisomeka vizuri. Huko chini bamba lilikuwa limelegea na kuteleza, likachapa jina la bintiye mara mbili: Neema, na Neema mwingine pembeni yake.

"Mmoja tu, baba. Huyu wa pili ni... ni kibanio."

"Kibanio ni binti wa nani?"

Fundi mkuu akakimbilia nyuma ya marobota ya karatasi akacheka huko. Mimi nikampeleka mzee kwenye mashine, nikamwonyesha bamba linavyocheza. Akalisukuma kwa kidole. Akalisukuma tena, nikadhani harusi imekufa.

"Ng'ombe mwenye mateke ukimfunga ovyo," akasema, "maziwa yanamwagika na wewe unalala chini. Wewe si mwongo. Ni mvivu wa fundo."

Akavuta kiti, akakaa mpaka nikakaza ncha zote mbili na kuchapa upya. Kila kadi aliipitisha karibu na macho. "Neema mmoja," anasema. "Haya, lete nyingine."

Mwanangu, kadi ya kwanza kutoka safi si kumaliza kazi. Kaza na upande usioonekana, kagua mpaka ya mwisho. Na ukikosea, mwonyeshe uliyemuudhi kosa lenyewe, usimtungie hadithi. Mungu akupe mikono yenye subira, na wakwe wanaouliza kabla ya kuinua fimbo.